Mlonge: Mboga Iliyopewa Jina la Muujiza

Leo sikuletei ugonjwa, nakuletea mti. Ni ule unaosimama uani kwa watu wengi wa Pwani, wenye majani madogo madogo ya mviringo, maua meupe yenye harufu nzuri, na maganda marefu yanayoning'inia kama mikwiro ya kupigia ngoma. Wengine huuita mlonge, wengine mronge, wengine mzunze, na wako wazee wanaouita mboga chungu. Madukani utausikia ukiitwa moringa.

Naanza na mzee mmoja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi ya lishe katika zahanati moja ya mashambani. Mzee huyu alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na kila mwezi alikuja kupimwa na kuchukua vidonge. Kisha akapotea. Miezi mitatu ikapita hatumwoni. Siku aliyorudi aliletwa na bintiye, mguu wa kulia umefungwa kitambaa, na harufu ya kidonda ikajaa chumbani.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu."

"Baba, na vidonge je?"

Akatia mkono mfukoni akatoa mkebe mdogo wa unga wa kijani. "Niliviacha, mwanangu. Hii ndiyo dawa yangu sasa. Kijana aliyeniuzia alinisomea karatasi yake, akasema inatibu magonjwa mia tatu."

Alikatwa vidole viwili vya mguu. Na jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mlonge mkubwa ambao matawi yake ya chini yalikuwa yameparurwa na mbuzi. Mzee alikuwa akinunua kwa pesa nyingi kile ambacho mbuzi wake walikula bure kila asubuhi.

Ndiyo sababu leo nataka tuifuate safari ya mti huu: ulitoka wapi, uliingiaje katika vyungu vyetu, na ilikuwaje mboga ya uani ikafikia kuuzwa kama dawa ya magonjwa mia tatu.

Mlonge ni mzaliwa wa kaskazini mwa India, chini ya milima ya Himalaya. Watu wa huko wameutumia tangu kale, na vitabu vyao vya zamani vya tiba, vya lugha ya Kisanskriti, vinautaja kwa jina la shigru. Neno moringa lenyewe limetokana na Kitamili, lugha ya kusini mwa India, ambako mti huu huitwa murungai. Ukiingia jikoni kwa Mtamili utayaona maganda mabichi yakikatwa vipande vya urefu wa kidole, yakatiwa katika mchuzi wa dengu uitwao sambar. Mlaji huyatafuna, akafyonza nyama ya ndani, akatema nyuzi, kama sisi tunavyofanya na muwa.

Watu wa pande mbili za Bahari Hindi wametembeleana kwa majahazi tangu enzi na enzi, wakifuata pepo za kaskazi na kusi, na mimea imesafiri pamoja nao. Kisha, kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walipojenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, waliwaleta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu walibaki, wakafungua maduka, wakajenga nyumba, na wakataka kula kama walivyokula kwao. Hadi leo, ukienda katika masoko ya Mombasa na Nairobi wanakonunua mboga Wahindi, utayakuta maganda ya mlonge yamefungwa matita matita, yakiitwa saragwa. Wakulima wa sehemu za joto kama Kibwezi wameyalima kwa ajili ya soko hilo. Sisi wengine tulipenda zaidi majani. Mama wa Pwani huyachambua, akayapika, akayatia tui la nazi, na watu wakala na ugali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni huyu alikuja na mboga mkononi.

Lakini usidhani kwamba moringa yote ni ya kigeni. Miti ya ukoo huu iko ya aina 13 duniani, na aina zilizo nyingi ni za pembe hii yetu ya Afrika. Mmoja wao, wenye majani makubwa kuliko ya mlonge wa Pwani, ni mwenyeji wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na umeonekana kando ya Ziwa Turkana na Ziwa Baringo. Huko Ethiopia, Wakonso wameupanda katika mashamba yao ya matuta ya mawe, matuta ambayo wazee wao walianza kuyajenga zaidi ya miaka 400 iliyopita, na ambayo shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Katika nchi ile kavu, majani ya mti huu huliwa karibu kila siku, yakichemshwa pamoja na matonge ya unga wa nafaka. Mkonso hakungoja karatasi ya mtu yeyote ili ajue kwamba yanafaa kuliwa.

Sasa twende Sudan, maana huko mti huu ulipata kazi nyingine kabisa. Wakati wa utawala wa Waingereza, mlonge ulipandwa kando ya Mto Naili kuwa pambo tu. Basi wanawake wa vijijini, ambao tangu zamani walijua kuyatakasa maji ya mto yenye matope kwa kutumia udongo wa namna fulani, wakagundua kwamba mbegu za mti huu zikipondwa hufanya kazi hiyohiyo. Mtaalamu mmoja mwenye asili ya Ujerumani, Samia Al Azharia Jahn, aliyefanya kazi Sudan, aliwatazama akina mama hao miaka ya 1970, akaandika waliyoyafanya, na akazipima mbegu hizo katika maabara. Nampenda sana mama huyu kwa jambo moja: hakujifanya kwamba yeye ndiye aliyegundua. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walizijaribu mbegu katika mtambo wa maji wa Thyolo, kule Malawi, na maji ya matope yakatakata.

Siri yake ni hii. Ndani ya mbegu mna protini ambayo huvuta chembe za udongo zilizotawanyika majini, zikashikana zikawa madonge, na madonge kwa uzito wake yakazama. Vijidudu vingi hushikwa humo humo na kuzama pia.

Ukiishi karibu na Tana au Sabaki, ambako maji wakati wa mvua huwa kama chai ya maziwa, jambo hili linakuhusu. Ngoja maganda yakauke mtini hadi yawe ya rangi ya kahawia. Toa mbegu, ondoa ganda lake na vile vibawa vyake, ubaki na kiini cheupe. Kwa maji yenye matope mengi chukua mbegu moja au mbili kwa kila lita moja. Yakiwa na matope ya wastani, mbegu moja kwa lita mbili. Yakiwa na ukungu kidogo tu, mbegu moja kwa lita nne. Ponda, tia unga huo katika chupa yenye maji safi kidogo, tikisa kwa dakika tano, kisha chuja kwa kitambaa safi ukimimina ndani ya ndoo yako. Koroga kwa nguvu dakika mbili, halafu polepole dakika kumi hadi kumi na tano. Funika, usiitikise tena, ngoja saa moja au zaidi. Mimina maji ya juu, uyaache matope chini.

Na sasa nisikilize vizuri. Maji hayo yametakata kwa macho, lakini hayajawa salama. Vijidudu vimepungua sana ila havikwisha, na vilivyobaki vinatosha kumwangusha mtoto. Yachemshe, au uyatie dawa ya klorini, ndipo unywe, na usiyaweke siku nyingi. Waliokuwapo wakati wa mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, kipindupindu kilipoingia wilaya baada ya wilaya, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hebu sasa turudi kwenye majani, na kwenye ule mkebe wa mzee.

Mwaka 1997 na 1998, kusini mwa Senegal, katika eneo la Ziguinchor, shirika la makanisa la Church World Service lilianza kuwafundisha wahudumu wa afya kutumia unga wa majani ya mlonge kwa watoto waliodhoofika na akina mama wajawazito na wanyonyeshao. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Mmarekani, Lowell Fuglie. Walichagua mlonge kwa sababu unatoa majani hata wakati wa kiangazi, mboga nyingine zinapokauka na chakula kinapopungua. Ilikuwa kazi nzuri. Mwaka 1999 Fuglie alitoa kitabu huko Dakar kuhusu mti huu, na jina alilolifanya lijulikane, yaani mti wa miujiza, likaruka mipaka.

Kutoka humo ukatoka ule wimbo ambao bila shaka umeusikia: majani haya yana vitamini C mara saba kuliko machungwa, vitamini A mara nne kuliko karoti, kalsiamu mara nne kuliko maziwa, potasiamu mara tatu kuliko ndizi, na protini mara mbili kuliko maziwa ya mtindi.

Je, hesabu hizo zilitoka wapi? Hazikubuniwa. Majedwali ya vyakula ya India yaliandika kwamba gramu 100 za majani mabichi zina miligramu 220 za vitamini C na miligramu 440 za kalsiamu. Chungwa likawekewa miligramu 30. Gawanya 220 kwa 30, utapata mara saba. Lakini chukua jedwali jingine, la Wizara ya Kilimo ya Marekani. Humo majani mabichi ya mlonge yana miligramu 52 za vitamini C, na chungwa lina 53. Ile mara saba imekuwa sawa kwa sawa! Kalsiamu ni miligramu 185, yaani mara moja na nusu tu ya maziwa. Potasiamu inalingana na ya ndizi. Vitamini A ni chini ya nusu ya ile ya karoti. Protini ndiyo iliyosimama imara: gramu 9 katika gramu 100, ambapo sukuma wiki ina kama gramu 3. Kwa kalsiamu, sukuma wiki yako haiko nyuma hata kidogo.

Majani hubadilika kwa udongo, kwa umri, na kwa muda yaliokaa tangu kuchumwa, kwa hivyo jedwali moja si lazima liwe la uongo na jingine la kweli. Kosa lilikuja mbele. Karatasi iliyosifu majani mabichi ikabandikwa kwenye mkebe wa unga mkavu. Kitabu kile kile cha Senegal kinasema kwamba gramu 100 za unga zina miligramu 17 tu za vitamini C, kwa maana vitamini hiyo hupotea majani yanapokaushwa. Kijiko kimoja cha mezani ni kama gramu 8. Piga hesabu mwenyewe: ni kama miligramu moja na nusu. Kipande kimoja cha chungwa kinashinda kijiko hicho.

Na je, unga hauna faida? Unayo, tena kubwa. Kijiko hicho hicho kina kama gramu 2 za protini, miligramu 160 za kalsiamu na miligramu 2 za madini ya chuma, ingawa chuma cha majani hakifyonzwi mwilini vizuri kama cha nyama. Kwa mtoto wa miaka miwili anayekunywa uji mtupu wa mahindi, hiyo si haba. Ila ni chakula.

Sasa fikiria karatasi ile ilifika Kenya wakati gani. Mwaka 1999 serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Karibu na wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwalimu, mvuvi, au mama muuza samaki angezitoa wapi pesa hizo? Mtu aliyeambiwa na kila mtu kwamba hakuna tumaini, akija mwingine na unga wa shilingi mia chache na kumwambia utapona, atanunua. Mimi simlaumu mnunuzi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: aliyeanza kwa kusema majani yanatia nguvu mwilini akasema yanaongeza kinga, wa pili akasema yanaponya, na wa tatu akafika magonjwa mia tatu. Mwaka 2006 dawa hizo zikatolewa bure katika hospitali za serikali, lakini karatasi ziliendelea kutembea katika matatu na sokoni, na wenye kisukari na shinikizo la damu wakawa wateja wapya.

Ni kweli kwamba wanasayansi wamechunguza kama majani ya mlonge hushusha sukari na shinikizo la damu, na wameona dalili za kutia moyo. Lakini majaribio yaliyofanywa kwa wanadamu ni machache na madogo, na hakuna hata moja linalomruhusu mgonjwa kutupa vidonge. Tena, kama yanashusha sukari kidogo, mtu anayekunywa vidonge na juu yake akala unga mwingi anaweza kushuka kupita kiasi akaanguka. Kwa hivyo mwambie daktari wako au muuguzi unachotumia. Usimfiche kwa kuogopa kukemewa. Anayekunywa dawa ya kuzuia damu isigande awe mwangalifu zaidi, maana majani ya kijani yana vitamini K inayopingana na dawa hiyo.

Mizizi na magome usiguse. Mizizi ina harufu kali ya viungo na wengine huila kama kiungo, lakini ndani yake na ndani ya magome mna sumu, na zamani vilitumiwa kuharibu mimba. Mama mjamzito akae mbali navyo kabisa. Majani yaliyopikwa ni habari nyingine. Kule Ufilipino huyaita malunggay, na mama aliyejifungua hupikiwa mchuzi wa kuku uliotiwa majani hayo ili apate maziwa.

Ukitaka kupanda, fukia mbegu kina cha sentimita mbili, mahali pa jua, pasipotuama maji. Itaota ndani ya wiki mbili. Unaweza pia kukata tawi nene na kulichomeka ardhini mvua zikianza. Mti ukifika urefu wa mita moja, ukate kilele. Najua wengi huona huruma kuukata, lakini ukiuacha utapaa juu na utahitaji ngazi kuchuma mboga. Sehemu za baridi kali utakusumbua bure. Huko lima managu na terere, nazo ni bora vilevile.

Majani mabichi yachambue vikonyo, yaoshe, yapike muda mfupi kwa maji kidogo, na usiyamwage maji hayo. Kwa unga, osha majani, yatandaze kivulini kwenye kitambaa safi, si juani, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A. Yakikauka hadi yavunjike mkononi, yatwange, uchekeche, utie katika chupa kavu yenye mfuniko, uiweke gizani. Tumia ndani ya miezi sita. Uji wa mtoto ukishaepuliwa, ukapoa kidogo, ndipo utie unga na kukoroga. Anza na nusu kijiko cha chai, maana tumbo lisilozoea huweza kuharisha.

Yule mzee bado tulikuwa naye miaka mingi baadaye. Alirudia vidonge vyake, akajifunza kutembea na kile kiatu cha wazi alichokatiwa na fundi. Siku moja nilipopita kwake kumjulia hali, nilikuta ameuzungushia mlonge ule uzio wa miiba, mbuzi wasiufikie, na bintiye ameketi chini yake akichambua majani ndani ya ungo. Tulikula yale majani mchana huo, kwa ugali wa mahindi na papa mkavu. Alipomaliza kula, mzee akaomba maji, akatoa mfukoni pakiti ya vidonge, akameza kimoja, akanitazama.

"Umeona, mwanangu?"

"Nimeona, baba."